Mtoto na Maji ya Bwawa



Nimeombwa kusema juu ya kuwalinda watoto penye mabwawa ya kuogelea. Huenda mtu akacheka moyoni, akasema, "Hayo ni ya wageni wa hoteli, sisi tunayo wapi?" Lakini maji hayaulizi yalichimbiwa nini. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha mpango wa mabwawa ya samaki, 200 kwa kila eneo la uchaguzi lililoteuliwa, na mashamba mengi ya Nyeri yakapata bwawa. Watoto wetu wa mjini huenda huko kwa nyanya zao wakati wa likizo. Mengi yametandikwa karatasi ya nailoni ili maji yasinywewe na udongo, na karatasi hiyo ikilowa huteleza kama sabuni. Mtu mzima aliyetumbukia hupata taabu kutoka. Sembuse mtoto wa miaka mitatu!

Tena watu hudhani kwamba mtoto anayezama atapiga kelele. Sivyo. Kinywa kilichojaa maji hakiwezi kuita. Mama aweza kuwa anafua nguo hatua kumi tu kutoka pale, asisikie lolote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano.

Basi bwawa lizungushiwe ua pande zote nne, usiopungua meta 1.2, na komeo liwe juu asipofikia mtoto. Ndani ya maji ining'inizwe kamba nene yenye mafundo, imefungwa kwenye kigingi imara. Kukiwa na arusi au matanga, mtu mmoja atajwe kwa jina awe mlinzi, maana penye watu wazima hamsini kila mmoja hudhani mwenzake anatazama.

Mtoto akitumbukia, asiyejua kuogelea asijitose. Anyoshe mti, au atupe dumu tupu lililofungwa kamba. Akitolewa hapumui, msimning'inize miguu juu, kama wengine wafanyavyo. Mlazeni chali, mpulizieni pumzi kinywani mara 5, kisha bonyezeni katikati ya kifua mara 30 na kupuliza mara 2, bila kukoma, huku mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka na kulia, apelekwe hospitali siku ile ile, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni huweza kumrudia usiku.