Shule Ipi Itamfaa Kijana Mwenye Usonji?

Leo tuzungumze juu ya kijana mwenye usonji anayeingiwa na hofu kila asubuhi ya shule. Tumbo linamuuma, anatapika, anajifungia chooni. Huo si ukaidi, wala hakurogwa. Ni wasiwasi, na kiboko huuzidisha. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumchapa mwanafunzi.

Kabla ya kumhamisha, andika kwa wiki mbili mambo yanayomtisha: kengele, msongamano, kuchekwa, au ratiba kubadilishwa ghafla. Peleka daftari hilo EARC, kituo cha serikali kinachopima mahitaji ya masomo ya watoto wenye ulemavu. Watakushauri kama kitamfaa kitengo maalum, shule maalum, au shule ya kawaida akisaidiwa.

Usichague kwa sifa za shule. Nenda uione wakati wa mapumziko, kelele zikiwa nyingi. Uliza: Darasa lina wanafunzi wangapi? Akizidiwa, atatulia wapi? Mwalimu gani atamwendea? Kama ni ya bweni, usiku nani huwaangalia?

Naye kijana aulizwe. Asiyesema ataonyesha kwa picha au kwa kidole. Kisha mzoeshe polepole: leo langoni, kesho darasani kwa saa moja.

Akikataa chakula, akikosa usingizi au akijiumiza, mlete kliniki bila kungoja muhula uishe.