Tanzia ya Ndege: Gazeti la Wiki la Kisiwa Kidogo na Kazi ya Kukumbuka



Mwaka 1933 gazeti moja la kisiwani lilichapa tanzia. Wasomaji wake walikwisha kuzoea kusoma tanzia za manahodha wastaafu, za wakulima na za akina bibi wa mtaani. Safari hii marehemu alikuwa ndege, wa mwisho wa aina yake duniani. Kila mwaka wanafunzi huniuliza gazeti dogo la watu wachache lina faida gani. Naamini jibu limo katika tanzia hiyo.

Gazeti lenyewe ni Vineyard Gazette la kisiwa cha Martha's Vineyard, jimbo la Massachusetts, Marekani. Kisiwa hicho kina takriban kilomita za mraba 250, kama robo ya Pemba. Jimbo hilo si geni kabisa kwetu. Merikani, kitambaa cha pamba walichovaa wazee wetu wa karne ya 19, kwa sehemu kubwa, ilifumwa katika viwanda vya huko, ikafikishwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem.

Edgar Marchant alitoa toleo la kwanza tarehe 14 Mei 1846, katika mji wa Edgartown. Mji huo uliishi kwa nyangumi. Wanaume waliondoka kwenda kuwawinda hadi Bahari ya Pasifiki, wakakaa huko miaka mitatu, hata minne. Kwa mke aliyebaki na watoto, kusikia kwamba meli fulani imeonekana ikiwa salama upande wa pili wa dunia ilikuwa habari ya nyumbani. Hapo ndipo tunapoanza kuielewa kazi ya gazeti la kisiwa: umuhimu wa habari hupimwa kwa nani anaisubiri, wala si kwa umbali ilikotoka.

Kuanzia 1859 mafuta ya petroli yalianza kuchimbwa Pennsylvania, mafuta ya taa yakawa rahisi, na biashara ya nyangumi ikadidimia. Kisiwa kingeweza kufa njaa. Kilichokiokoa kilikuwa na asili yake katika ibada: tangu 1835 Wamethodisti walikuwa wakipiga kambi ya maombi huko kila majira ya joto. Mahema yakageuka nyumba ndogo za mbao, na nyuma ya waumini wakaja watalii. Kisiwa kikawa na watu wa namna mbili, wakazi wa mwaka mzima na wageni wa msimu, na gazeti likalazimika kuzungumza na wote.

Mwaka 1920 gazeti likaingia mikononi mwa Henry Beetle Hough na mkewe Elizabeth Bowie Hough. Lilikuwa zawadi yao ya harusi kutoka kwa baba yake Henry, ambaye naye alikuwa mhariri. Henry hakukosa sifa za kumpeleka kwingine. Mwaka 1918, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Columbia, yeye na mwenzake Minna Lewinson walishinda Tuzo ya Pulitzer kwa insha kuhusu huduma za magazeti ya Marekani kwa umma. Lakini jina lake lilikuja kufungamana na kisiwa, na Elizabeth alihariri pamoja naye bega kwa bega hadi alipofariki mwaka 1965.

Waliandika nini? Waliandika mikutano ya vijiji, dhoruba, vivuko, harusi na vifo. Kila majira ya kuchipua gazeti hilo hutangaza siku ya kwanza waliposikika vyura wadogo ambao wakazi wa kisiwa huwaita kwa neno lao wenyewe, pinkletink. Naomba msiipuuze habari hiyo ya vyura. Jamii inayotangaziana mlio wa chura wa kwanza imejifunza kusikiliza mahali inapoishi.

Sasa nirudi kwa ndege. Aliitwa heath hen, ndege wa ardhini wa ukoo wa kwale. Zamani alijaa kwenye pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, akawindwa mpaka, kufikia miaka ya 1870, akabaki Martha's Vineyard peke yake. Mwaka 1908 alitengewa hifadhi, na kufikia 1916 idadi ikapanda hadi takriban 2,000. Mwezi Mei mwaka huohuo moto ulipita kwenye vichaka wakati majike wakiatamia, na wengi wakaangamia. Baadaye wakaja vipanga na maradhi ya kuku wa kufugwa. Mwishoni mwa 1928 alibaki dume mmoja. Kila majira ya kuchipua alikuja uwanjani kuita jike, na hakuna aliyemjibu. Alionekana mara ya mwisho tarehe 11 Machi 1932.

Aina nzima ya kiumbe ilitoweka, na tukio hilo la dunia likawa habari ya kijiji. Gazeti la Hough lilimwomboleza ndege huyo kama jirani. Liliweza kufanya hivyo kwa kuwa kwa miaka mingi lilikuwa likiandika vifo vidogo. Aliyezoea kumsikia chura wa kwanza ndiye anayetambua kuwa ndege wa mwisho amenyamaza.

Ujirani huo una gharama. Mhariri wa kisiwani akimkosoa mtu leo, kesho hukutana naye dukani. Lakini humo humo ndimo uaminifu unamopatikana, kwa sababu hawezi kusema uongo kisha akajificha. Wala Henry na Elizabeth hawakuishia kwenye tahariri. Mwaka 1959 walianzisha wakfu wa Sheriff's Meadow ili kulinda ardhi ya kisiwa isimezwe na majengo. Mwaka 1968 umiliki ulibadilika: gazeti lilinunuliwa na James Reston wa New York Times na mkewe Sally. Henry hakuacha kuandika hadi kifo chake mwaka 1985, na gazeti lingali hai.

Wanafunzi wangu, wengi wenu mmetoka visiwani na vijijini ambako hakuna mwandishi anayefika ila maafa yakitokea. Naomba jambo moja. Mkirudi likizo, kila juma andikeni ukurasa mmoja: nani kazaliwa, nani kafariki, mvua imeanza lini, samaki gani haonekani tena sokoni. Andikeni majina kwa usahihi, na muweke tarehe. Kisha wasomeeni wazee, wawasahihishe.