Mkutano wa Mwezi Uwe Shule ya Kusema

Hotuba iliyotolewa mbele ya kikundi cha mazungumzo cha akina mama, siku ya mkutano wao wa mwezi.

 

Twashukuru kukaribishwa katika mkutano wenu. Tumekuta chai tayari, fedha za upatu zimekwisha hesabiwa, na mchango wa msiba umeandikwa daftarini pasipo ugomvi. Hayo si mambo madogo. Watu wanaoaminiana kwa fedha waweza kuaminiana kwa mambo mengi zaidi, na hayo mengi zaidi ndiyo yaliyotuleta hapa leo.

Wako watu wasemao kwamba akina mama wakikutana ni umbeya mtupu. Watu hao hao hukaa barazani kwa kahawa tangu alasiri mpaka usiku, wakapanga nani auziwe shamba na nani awe mwenyekiti, wala hatujasikia mtu akiliita baraza lao umbeya. Basi maneno hayo yasiwatie haya.

Tuitazame historia yetu. Chama cha TANU kilipozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai, 1954, wanawake ndani yake walikuwa wachache mno. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alikabidhiwa kazi ya kuongoza sehemu ya akina mama. Yeye alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma, na alijua kwamba akina mama wa mjini walikuwa na vyama vyao tayari, vyenye viongozi, michango na siku za kukutana. Akaenda kwenye vyama hivyo. Katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake walichukua kadi. Vyama vilivyoanzishwa kwa ajili ya furaha na kuzikana ndivyo vilivyopeleka neno la Uhuru nyumba hata nyumba, na mwaka 1962 ilipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, Bibi Titi alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Mbona twayakumbuka hayo leo? Kwa sababu haki nyingi ambazo mama zetu walizitamani sasa zimeandikwa katika sheria, lakini viti vilivyotolewa kwa haki hizo mara nyingi vinakaliwa kimya.

Tuchukue habari ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kwamba mila inayomnyima mwanamke haki hiyo ni batili. Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi ya kijiji pasipo idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkutano huo ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, wake kwa waume. Tena, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha magomvi ya ardhi. Wajumbe wake ni saba, na watatu kati yao sharti wawe wanawake.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini sisi tunaozunguka vijijini twaona mambo mengine. Mume akifariki, shemeji huja na kamba ya kupimia shamba hata arobaini haijatimia. Mjane akipeleka shauri barazani, wajumbe wanaume husema, kisha wale akina mama watatu walioketi mwisho wa benchi huulizwa. Hujibu, “Tunakubaliana na waliotangulia.” Shauri limekwisha, na mjane amepoteza shamba mbele ya wanawake wenziwe watatu.

Tusiwalaumu upesi akina mama hao. Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba mtoto asiyepewa nafasi ya kusema darasani hujifunza kunyamaza, na hulijua somo hilo vizuri kuliko hesabu. Kusema mbele ya watu ni kazi ya kujifunza, kama kushona au kusoma. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; lakini barazani kimya huhesabiwa kuwa ni kukubali.

Shule ya kazi hiyo ni hapa, katika mkutano huu wa mwezi. Kwa hiyo twaomba mfikiri mambo manne.

Kwanza, mambo ya fedha yawe na saa yake na yaishe, ili yasimeze siku nzima. Pili, kila mwezi pawe na jambo moja la kuzungumza, lijulikane mapema, na anayejua kusoma awasomee wenziwe sheria yenyewe, taratibu, kwa Kiswahili cha nyumbani. Tatu, mtu asiseme mara ya pili kabla kila mmoja hajasema mara ya kwanza. Mama mzee amsikilize binti, na binti aseme kwa adabu, lakini aseme. Nne, mwisho wa mazungumzo mwandike katika daftari ni jambo gani litapelekwa Mkutano Mkuu, na ni nani atakayesimama kulisema. Wengine wakae karibu naye, wamwunge mkono.

Watu wataudhika. Mume mmoja atauliza chakula kiko wapi. Mwingine atasema mnafundishwa ukaidi. Mwambieni kwamba shamba likilindwa ni chakula cha watoto wake mwenyewe, na kwamba mjane wa kesho huenda akawa binti yake.

Twapendekeza mwezi ujao mwanze na ardhi. Kisha siku ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, mmoja wenu asimame aulize maneno matatu tu: ardhi gani inagawiwa, anapewa nani, na idhini imetolewa lini? Majibu yaandikwe katika muhtasari, na ninyi myaandike katika daftari lenu. Mkifanya hivyo mwaka mzima, hapatakuwa na mjumbe wa kike katika kijiji hiki atakayejibu kwamba anakubaliana na waliotangulia kabla hajasema lake.

Sasa ni zamu yenu kusema.