Sindano za Brooklyn

Leo tuko Brooklyn, New York, Julai 1963, katika wodi za Jewish Chronic Disease Hospital. Wagonjwa wengi ni wazee waliokwisha kuwa hoi; wengine hata Kiingereza hawakijui vizuri. Anakuja daktari na sindano: tunapima nguvu ya mwili wako kujikinga na maradhi. Patatoka kinundu, baada ya wiki chache kitakwisha chenyewe. Mzee anaitikia.

Asichoambiwa ni kwamba ndani ya sindano mna seli hai za saratani. Walidungwa wagonjwa 22, na 19 kati yao hawakuwa na saratani kabisa.

Mwenye utafiti alikuwa Dakta Chester Southam wa Sloan-Kettering, taasisi ya utafiti wa saratani. Alikwisha kuona kwamba mwili wa mtu mwenye afya huziondoa seli ngeni upesi, na wa mwenye saratani huchelewa. Je, kinachochelewesha ni saratani yenyewe au ni udhaifu tu? Swali la maana hilo, sitalibeza. Tena aliamini hakuna atakayedhurika. Lakini neno lenyewe, saratani, alilikwepa makusudi, akidai lingewatia wagonjwa hofu bure. Sasa hofu ya mzee yule ilikuwa ya nani kuipima? Alikubali jambo moja, akafanyiwa jingine.

Madaktari watatu wa hospitali hiyo, Avir Kagan, David Leichter na Perry Fersko, walikataa kuzishika sindano hizo, kisha wakajiuzulu. Wote watatu walikuwa Wayahudi, na hukumu ya madaktari wa Hitler kule Nuremberg, waliofanyia watu majaribio bila ridhaa yao, ilikuwa na miaka 16 tu. Wakili William Hyman, mjumbe wa bodi ya hospitali, aliomba kuona majalada ya wagonjwa, akanyimwa. Ilibidi aende mahakamani kuyapata.

Southam na mwenzake Emanuel Mandel, mganga mkuu pale, walikutwa na hatia ya udanganyifu. Leseni zikasimamishwa mwaka mmoja, lakini kwa jina tu: waliruhusiwa kuendelea na kazi chini ya uangalizi. Mwaka 1966 serikali ya Marekani ikaagiza kwamba kila utafiti wa tiba inaoufadhili upitiwe kwanza na kamati, itazame na ridhaa ya wagonjwa inavyopatikana.

Na Southam? Mwaka 1968 alikuwa rais wa chama cha watafiti wa saratani wa Marekani.