Kubadilisha Simu kwa Ajili ya Betri: Maneno Yetu kwa Wauguzaji wa Mulago

Wazee wetu, akina mama, na ndugu mliotoka Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe kuja kuuguza wagonjwa hapa Mulago, twawasalimu na kuwapa pole. Twasema kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha inayomkutanisha mtu wa Busia na mtu wa Mpondwe katika mkeka mmoja.

Tumeomba dakika chache kabla ya saa ya kuona wagonjwa ili tuzungumzie betri ya simu. Anayelala nje ya wodi huitegemea simu kuliko alivyoitegemea nyumbani, maana kwayo huitwa na muuguzi, na kwayo hupokea fedha za dawa kutoka kwa jamaa. Ikizimika, yu peke yake mjini. Hapo ndipo hutokea kijana mwenye mfuko, akasema: "Lete hiyo yako, ongeza shilingi 60,000, uchukue hii inayokaa na chaji siku mbili."

Mzee mmoja wa upande wa Busia alikubali. Siku ya tatu tulimkuta nayo, kwa kuwa mwenyewe alikwisharipoti kuibiwa. Mzee hakuwa na risiti, wala hakulijua jina la aliyemuuzia. Alasiri nzima aliandika maelezo kituoni, huku mkewe akisubiri wodini bila mtu wa kumtuma. Hatukupendezwa kumweka pale. Lakini kupokea mali ya wizi ni kosa, nasi hatuna budi kupeleleza nani alijua na nani hakujua. Simu ilirudi kwa mwenyewe. Fedha za mzee hazikurudi, na simu yake ya awali ilitoweka pamoja na namba za wanawe, ambazo hakuwa ameziandika popote.

Kabla ya kubadilisha, basi, chunguzeni kama simu imechoka kweli. Betri ya lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa. Baada ya kujazwa mara 500 hivi, nyingi hupungua nguvu waziwazi. Mara nyingi fundi huweka betri mpya, na simu ikaendelea kutumika. Ninyi wa mipakani mna sababu nyingine pia: simu iliyo kati ya minara ya nchi mbili huhangaika kutafuta mtandao, na kuhangaika huko hula chaji hata ikiwa mfukoni. Ingieni kwenye mipangilio mchague mtandao mmoja wenyewe, mpunguze mwanga wa kioo, mzime intaneti msipoihitaji. Wengine huja na kitochi cha vibonyezo kwa ajili ya kupigiwa tu. Nasi twaona hiyo ni busara kuliko simu janja yoyote ya mkononi mwa mchuuzi.

Ikibidi kubadilisha, nendeni kwenye duka lenye mlango na jina. Bonyezeni *#06#, zitatokea tarakimu 15 za utambulisho wa simu. Zilinganisheni na zilizo kwenye boksi, kisha mdai ziandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji. Akikataa kuandika, ondokeni, hata kama bei ni tamu. Simu mnayoitoa nayo isiondoke na siri zenu: nakilini namba za jamaa kwenye karatasi, toeni laini na kadi ya kumbukumbu, ondoeni akaunti zenu, ndipo mfute kila kilichomo. Namba ya siri ya fedha za simu asiambiwe mtu, hata anayejiita fundi, hata anayejiita askari.

Tukiondoka hapa, wenzetu wawili watabaki chini ya mti wakiwa na daftari na kalamu. Anayetaka kuandikiwa zile tarakimu 15 za simu yake aje nayo. Ikiwa imezimika, tutaichaji kwanza.