Herufi Iliyo Katika Leseni Yako

Somo letu la leo ni leseni ya motokaa. Namwomba mwalimu aandike ubaoni herufi nne kubwa: H, D, E na C. Ziandikeni na ninyi katika madaftari yenu.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya mtu mmoja. Katika darasa moja nililolitembelea yumo mwanafunzi wa miaka 35, naye ni utingo wa lori kwa miaka tisa sasa. Alipoanza kisomo hakujua kuandika jina lake. Siku ile alinisomea ukurasa mzima. Nilipompongeza alisema, "Ahsante, Bwana Afisa. Sasa nitachukua leseni, niendeshe basi."

Nikamwuliza, "Udereva umejifunza wapi, ndugu?"

Akanijibu bila wasiwasi, "Dereva wangu hunipa usukani usiku, akichoka. Nimekwisha endesha kutoka Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni."

Sikumkaripia, maana mtu mzima hakaripiwi mbele ya wenzake. Lakini neno lile halikunitoka. Nanyi mnaoifahamu njia ya Iringa mwajua kwamba ukipita Ruaha Mbuyuni unaukuta mlima Kitonga.

Hebu tufanye hesabu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na tela na mzigo wake kufikia uzito wa tani 56. Tani moja ni kilo 1,000. Basi hayo ni sawa na magunia 560, kila gunia kilo 100. Sasa fikirini uzito huo ukiteremka Kitonga. Dereva aliyefundishwa huingiza gia ndogo angali juu, kabla mteremko haujaanza, ili injini ilizuie lori, na breki hugusa mara chache tu. Asiyefundishwa hukanyaga breki tangu juu. Breki hupata moto, zikipata moto hazishiki tena. Hapo hukumbuka gia, lakini lori likiwa limekwisha shika kasi, gia ndogo haiingii. Utingo wetu ameendesha usiku, penye tambarare, na mwalimu wake amelala. Mambo ya gia hajaambiwa.

Sasa tutazame herufi ya kwanza. Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao. Herufi H ni leseni ya kujifunzia. Wa motokaa awe ametimiza miaka 18. Leseni hiyo hudumu miezi mitatu, nayo inakupa ruhusa ya kujifunza barabarani ukiwa na mtu mwenye leseni ameketi karibu nawe, yu macho, na gari limewekwa herufi L mbele na nyuma ili wengine wakae mbali nawe kidogo. Ukimaliza mafunzo katika shule ya udereva utapimwa na askari wa usalama barabarani. Ukifaulu, Mamlaka ya Mapato itakutolea leseni yenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba hapo safari imekwisha, na leseni ni leseni. Sivyo. Kadi ile ina herufi, na herufi ndiyo ruhusa. Mwenye D ameruhusiwa magari madogo ya kawaida. Hakuruhusiwa lori kubwa wala gari la abiria wa kulipa. Akitaka lori kubwa yampasa awe na E, na E haombi mpaka amekuwa na D kwa muda usiopungua miaka mitatu. Magari ya abiria ni C. Nayo C ina ngazi zake: C3 ni kwa gari la abiria wasiozidi wanne, kisha C2, kisha C1 ya abiria kuanzia 15, na juu kabisa C yenyewe, ya basi la abiria 30 au zaidi. Kuipata hiyo C, hapana budi uwe umekaa na E au C1 miaka mitatu.

Niliyaandika hayo katika daftari la yule ndugu, D miaka 3, E miaka 3, nikamwambia ajumlishe mwenyewe. Akajumlisha. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nitakuwa na miaka 41."

Nikamwambia kwamba miaka 41 ataifikia hata akikaa bure. Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Alinieleza kwa sauti ndogo kwamba yuko mtu aliyemwahidi kadi ya C kwa fedha, bila kupimwa. Hao ndio tunaowaita vishoka, na hapo nilisema kwa ukali. Kadi ya namna hiyo yaweza kumpeleka kortini hata kama hakugonga mtu. Tena dereva wa gari la biashara hutakiwa kuthibitishwa na LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na huko kuna mtihani. Kishoka hatakusomea maswali. Utayasoma wewe. Kwa jambo hili yule ndugu alikuwa amekwisha jisaidia kuliko alivyojua, kwa sababu ukurasa ule aliousoma siku ile hakuununua.

Na mambo ya usiku je? Anayeendesha bila leseni ana kosa. Aliyempa usukani naye ana kosa. Tena mikataba mingi ya bima yataka gari liendeshwe na mwenye leseni inayofaa. Bila hiyo, kampuni yaweza kukataa kumlipa mwenye lori hasara yake. Mwenye lori atamdai nani? Hamtafuti mbali.

Niongeze moja kwa wanaotaka magari ya abiria: kwao kiasi cha pombe kinachoruhusiwa ni sifuri. Hata chupa moja haimo. Na mafunzo ya kazi hiyo yapo, kwa mfano katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, Dar es Salaam.

Juma lililopita mwalimu wa darasa lile ameniletea habari. Yule ndugu amejiandikisha katika shule ya udereva, na usiku hashiki usukani tena. Dereva wake amekasirika, amesema atatafuta utingo mwingine. Mpaka leo hajamtafuta.

Sasa kazi ya darasa. Aliye na leseni aitoe mfukoni, ampe jirani yake. Jirani asome kwa sauti herufi zilizomo na tarehe ya mwisho wa leseni. Wasio na leseni wajibu maswali haya katika daftari. La kwanza: Hamisi amepata D leo, ataweza kuomba E mwaka gani? La pili: mwenye E amechukuliwa kuendesha basi la abiria 40; je, ana ruhusa? Mwalimu atasahihisha, na majibu tutayasoma pamoja katika somo lijalo.