Kunakili Picha na Mikanda ya Zamani kwa Kamera



Kamati imenitaka nieleze namna ya kuziokoa picha zilizomo katika yale makasha mawili ya ofisini. Nashukuru kwa nafasi hii. Jambo lenyewe lina haraka. Mkanda wa asetati unapooza hutoa harufu ya siki, na mvuke wake huozesha mikanda mingine iliyofungiwa nao. Kasha moja limekwisha kuanza kunuka. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 nazo zimekuwa nyekundu, maana rangi ya samawati iliyomo hufifia upesi kuliko nyingine, hata zikiwa kabatini.

Skana zipo, lakini nyingi ni za polepole. Mimi napendelea kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro, yaani lenzi iwezayo kukisogelea kitu hata sura yake ndani ya kamera ikalingana na ukubwa wa kitu chenyewe. Picha katika mkanda wa milimita 35 ni milimita 24 kwa 36, na kamera kubwa za dijitali zina kipokea mwanga cha kipimo hicho hicho. Mwenye kamera ndogo asinunue nyingine. Airudishe nyuma kidogo tu.

Mkanda hulazwa juu ya plastiki nyeupe inayoangazwa kwa chini, na pembeni hufunikwa karatasi nyeusi. Taa za chumba zizimwe. Kamera ifungwe imara ikitazama chini. Hapa ndipo wengi hushindwa: ikiinama hata kidogo, pembe moja ya picha huwa na ukungu. Dawa yake ni kioo cha kujitazamia. Kilaze mahali pa mkanda. Ukiona lenzi inajitazama yenyewe katikati kabisa, kamera imenyooka. Tundu la lenzi liwe namba 8, ISO 100, na kamera icheleweshwe sekunde 2 ili mkono usiitikise. Kugeuza nyeusi kuwa nyeupe ni kazi ya kompyuta. Mikanda ya rangi ina utando wa chungwa unaotaka uvumilivu, kwa hiyo tuanze na ile isiyo ya rangi.

Picha za karatasi ni rahisi: taa mbili, moja kila upande, kwa nyuzi 45. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu isibanduliwe, ipigwe hivyo hivyo.

Lakini kamera haijui majina. Kaka zetu waliomaliza miaka ya 1960 ndio pekee wawezao kusema nani ni nani katika safu ya timu ya mpira, na kila mwaka tunapungukiwa nao. Napendekeza kila nakala ipewe namba, wapewe daftari leo hii kabla ya chakula, na mikanda yenyewe isitupwe hata ikishanakiliwa. Inayonuka itengwe mahali pakavu penye hewa.

Meza iko tayari ukumbini, Ndugu Mwenyekiti. Anayetaka kuona aje na picha yake.